Mshenga Kafika Bukoba

Walikutana ughaibuni, dukani Peckham, Jumamosi, watu wakibanana kati ya viazi vikuu na samaki wakavu. Mkungu wa ndizi ulibaki mmoja, na mikono miwili ikaushika pamoja.

"Kaka, niachie. Mimi Mhaya, bila ndizi silali."

"Na mimi Mnyakyusa, dada. Unadhani kwetu tunakula mawe?"

Wakacheka, wakagawana. Gaudensia alikuwa muuguzi, kavaa kilemba cha kitenge na koti jeusi lililomkaa vizuri. Ulimboka alikuwa mbunifu wa mavazi. Nguo zake zilishaoneshwa hadi makumbusho. Ndizi zikazaa simu, simu zikazaa mapenzi.

Gaudensia alikuwa na uraia wa huko tayari. Ulimboka aliishi kwa viza ya wenye vipaji vya pekee. Akitimiza miaka mitatu, kazi yake ikatambuliwa, angepewa makazi ya kudumu.

Siku moja Gaudensia akampigia. "Laazizi, Baba figo zimemchosha. Anauliza, mshenga yuko wapi? Anataka ampokee mwenyewe kabla Mungu hajamwita."

"Nivumilie, mama. Makazi kwanza."

"Makazi ndiyo yatakayonioa?"

"Nivumilie tu."

Hakumwambia sababu. Kanisani watu walizoea kutania kwamba vijana wa siku hizi huoa karatasi, si wanawake. Ulimboka aliapa hatasemwa hivyo. Kilikuwa kiburi, nacho kiburi hujua kuvaa nguo za heshima. Gaudensia akaelewa kwamba hatakiwi. Simu zikapungua, kisha zikakoma.

Majira ya baridi jibu likaja: amekubaliwa. Papo hapo akampigia mjomba wake Mwanza, akamtuma Bukoba, kwa kina Gaudensia, na posa. Kesho yake akaenda mbio kwa Gaudensia, akamkuta mlangoni na sanduku, akingoja teksi.

"Gau! Nimepata makazi! Kwa kazi ya mikono yangu! Mjomba yuko njiani kwa Baba."

"Hongera, Uli." Macho yalikuwa mekundu. "Baba tumemzika jana. Nimeona mazishi kwenye simu. Sasa naenda matanga."

Ulimboka akanyoosha mkono kulipokea sanduku; Gaudensia hakuliachia.

"Kuna mtu alileta posa mwezi uliopita. Baba aliipokea, akaniuliza. Nikakubali, alale kwa amani."

"Sikutaka waseme nimekufuata kwa ajili ya karatasi!"

"Ungeniambia. Ningewajibu mimi."

"Bado hujaolewa, Gau."

"Nimempa neno mtu aliye kaburini. Nani atanirudishia?"

Ulimboka akatazama chini. Upindo wa koti jeusi la Gaudensia ulikuwa umefumuka. Akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka nyuma ya kola, akapiga magoti kwenye baridi, akashona. Gaudensia alisimama, mkono ukiwa karibu kabisa na kichwa cha Ulimboka, asimguse. Teksi ikaja. Ulimboka akakata uzi kwa meno.

"Mungu akutunze," Gaudensia akasema, akapanda.

Gari lilipokata kona, simu ya Ulimboka ikalia. Sauti ya mjomba ilijaa furaha.

"Mwanangu, nimeshafika Bukoba! Hebu nielekeze, nyumba ni ipi?"