Maembe Ndani ya Dawati

Shule yetu ya upili imepakana na ranchi kule Ndara, kwa hivyo langoni hatupekuliwi simu. Tunapekuliwa matunda. Ndovu wa huku wana pua kali, jamani! Embe bivu likilala darasani, usiku watalifuata, na ukuta kwao si kitu. Ndiyo maana kila asubuhi Mzee Muinde, mlinzi wetu, hufungua mikoba huku mbwa wake Kamanda akituzungukazunguka miguuni, akitafuta wa kumkuna masikio.

Jumatatu hiyo Tryphena wa kidato cha pili alibeba maembe mabivu aliyoletewa na nyanya yake kutoka milimani. Alitaka kuyala na rafiki yake Shantel wakati wa mapumziko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe pita tu. Wewe nakuamini."

Tryphena alimkuna Kamanda, akapita.

Kumbe Shantel alikuwa na homa, hakuja shuleni. Maembe hayaliwi peke yako bwana, raha yake ni wawili. Tryphena akayasukuma ndani kabisa ya dawati. "Tutayala kesho," alijiambia. "Siku moja tu itadhuru nini?"

Asubuhi iliyofuata tulikuta ukuta wa darasa uko chini na madawati yamevunjwavunjwa. Kando ya tangi la maji Mzee Muinde alikuwa amechuchumaa karibu na gunia lililofunika kitu. Mkia ulichungulia. Kamanda alikuwa amekwenda kumbwekea ndovu, naye ndovu akamkanyaga. Wasichana walianza kulia. Hata wavulana, wale wanaojifanya wagumu, waliangalia pembeni.

"Mzee, uliacha lango wazi?" aliuliza Mwalimu Mkuu, Bi Nabwile.

"Hapana, mwalimu. Ndovu alivunja ua."

"Na mikoba ulikagua yote?"

Mzee alituangalia. Macho yake yalimfikia Tryphena, yakatulia kidogo, kisha akainamisha kichwa.

"Mkoba mmoja sikuukagua. Kosa ni langu."

"Wa nani?"

Mzee alilivuta gunia, akaufunika mkia.

"Basi umenifunga mikono," Bi Nabwile alisema kwa huzuni. "Wazazi hawatakubali ubaki. Kusanya vitu vyako, mzee wangu. Pole sana."

Mzee aliingia kibandani. Alikunja blanketi, akatia sufuria kwenye begi. Kisha akaokota bakuli la Kamanda, akaliweka chini, akaliokota tena. Hapo Tryphena alishindwa kabisa. Aliangua kilio mbele ya shule nzima.

"Mwalimu, ni mimi! Maembe yalikuwa yangu. Babu aliniamini tu!"

Bi Nabwile alivua miwani, akafuta macho.

"Mzee, rudisha vitu vyako. Huendi popote, lakini kuanzia leo kagua kila mkoba, hata wangu. Na wewe, Tryphena, kesho uje na mzazi wako. Mtashika sepetu pamoja nasi mpaka ukuta huo usimame."

Tulimzika Kamanda nyuma ya tangi. Wengine walipoondoka, Tryphena alibaki amepiga magoti kwenye udongo.

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe." Sauti ya mzee ilikuwa imekauka. "Umesema ukweli, na kazi yangu imerudi. Asante. Lakini Kamanda harudi, mjukuu wangu. Huyo alikuwa mwenzangu usiku kucha. Sikiliza nikwambie: mtu akikuamini bila kukupekua, hapo ndipo ujipekue mwenyewe."

Tryphena alisawazisha udongo wa kaburi kwa viganja vyake.

Kesho yake alifika langoni wa kwanza, mama yake akiwa nyuma na sepetu begani. Aliufungua mkoba mwenyewe. Mzee Muinde aliupekua mpaka chini kabisa, polepole, akaufunga, akamrudishia.

Hakumwambia "pita tu."