Maiti Hagongi Chuma

Hili lilimpata rafiki yangu Trevena, mhandisi wa migodi ya dhahabu hapa mjini kwetu Kalgoorlie, vita vilipomfanya afisa wa usafirishaji jeshini kule Papua. Mlima uliporomoka ukaifukia barabara pamoja na lori alilokuwa akiendesha Clarrie, aliyewahi kuwa mchimbaji chini ya Trevena.

Brigedia, laana imshukie, alifoka: "Pitisha malori juu yake! Mizinga haingoji maiti!"

Chini ya udongo chuma kikagongwa mara tatu, kama tunavyogonga mgodini tukifukiwa hai.

"Maiti hagongi chuma, mshenzi wewe!" Trevena akashika sururu.

Walimfikia Clarrie giza likiingia. Kifua kilikuwa kimepondwa, mwili umeshakakamaa; alikuwa amekufa kabla chuma hakijagongwa. Kwa hasira, Trevena akaupiga mwamba chini ya lori mara tatu.

Ndani ya mwamba ule usio na ufa, akajibiwa.