Kiti cha Wajahat

Nosheen alishika kiti cha tano akivute apate kufagia chini yake, na papo hapo akaondoa mkono. Kiti kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana Gujranwala, mji huu wa Pakistani, mwezi wa Novemba haina jua. Ina ule moshi mzito wa mashamba yaliyochomwa na tanuri za matofali, unaolalia mapaa tangu asubuhi hadi jioni. Lilikuwa joto la makalio, joto la mtu aliyekaa sana akainuka sasa hivi kumpisha.

Na duka ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa.

"Sarmad!" aliita kuelekea ngazini. "Nani kalala dukani?"

"Nani alale humo na baridi hii?" mdogo wake alijibu toka juu, mdomo umejaa chapati. "Labda paka."

"Paka gani ana makalio ya mtu mzima?"

"Dada, fagia bwana. Wateja wanakuja."

Lilikuwa duka la gemu, chumba cha chini cha nyumba waliyoachiwa na wazazi. Kompyuta tano, viti vitano, basi. Nosheen alishona nguo ghorofani. Sarmad alikodisha mashine chini. Dada ndiye aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipozikwa, na hapa duniani hakuwa na mtu mwingine wa kumwita wake.

Viti vinne vilikodishwa kwa yeyote. Cha tano hakikukodishwa. Kilikuwa cha Wajahat, kijana wa nyumba ya pili, aliyeondoka kwenda kutafuta maisha Italia kwa njia za wizi, na boti lao likapinduka kwenye bahari ya Ugiriki. Mwili haukuonekana. Mama yake, Khala Razia, mama mdogo wa mtaa mzima, aliwafukuza mlangoni wote waliokuja kumshauri mwanawe asaliwe sala ya maiti asiyekuwepo. "Nimsalie mwanangu aliye hai? Wasalieni wenu!"

Sasa lije lile gemu. Jina lake Ngome ya Majivu, gemu la kufyatuliana risasi, watu wa dunia nzima uwanja mmoja, na lilikuwa halijatoka. Hilo ndilo la ajabu: mtaa mzima ulikuwa umerukwa na akili kwa kitu ambacho hakijazaliwa. Vijana waliitazama ile filamu yake fupi ya matangazo mpaka wakajua kila mlipuko kwa zamu yake. Waligombea bunduki ambazo hakuna aliyewahi kuzishika hata kwenye skrini. Wawili walinuniana kabisa kwa sababu ya mnara ambao kila mmoja alidai ndimo atakamojificha.

Kampuni ilitangaza kwamba vikosi vya watu watano, ambao akaunti zao zitaonekana hewani kila siku mpaka ufunguzi, ndivyo vitakavyoingia kwanza. Sarmad alikuwa na Tipu, rafiki yake mnene mwenye ulimi mrefu, na ndugu wawili wa duka la mikate. Wanne. Wa tano angepatikana kona yoyote, maana Gujranwala haina uhaba wa vijana wasio na kazi. Lakini Sarmad alishika lake: wa tano ni Wajahat.

Basi kila siku walifungua akaunti ya Wajahat kwenye mashine ya tano, wakatundika hedfoni zake kwenye egemeo la kiti. Na chai ilipoletwa walifanya kama afanyavyo kila aliyelelewa vizuri mji ule, kwamba hupeleki kikombe mdomoni kabla hujawakaribisha waliopo. Walimwekea chake. "Haya Wajahat, karibu ndugu yetu. Kaa. Hapa ni kwako." Mwanzoni walisema huku wanalia. Baadaye wakasema kwa kicheko. Mwisho wakasema kwa mazoea, na mazoea hayaangalii yanasema na nani.

Siku ile ya kiti chenye joto, Tipu alichungulia kikombe cha tano.

"Nani kanywa chai ya marehemu?"

"Usimwite marehemu, mama yake atakusikia," Sarmad alimkanya. "Na nani mwingine anywe? Kama si hilo pipa la tumbo lako."

"Wallahi si mimi! Mimi nakula, siibi."

"Utaanzia wapi kuiba, mlangoni hupenyi."

Walicheka. Nosheen, aliyekuja kukusanya vikombe, hakucheka. Ndani ya kikombe kile hakukuwa hata na chembe za majani, kilikuwa kimelambwa. Na toka upande wa kiti kulikuja harufu ya halua ya karoti, samli na hiliki, kama sufuria imeipuliwa sasa hivi, na nyumbani mwake hakuna aliyepika halua. Kila bibi wa mji ule hukwambia ni nani apendaye vitu vitamu kuliko binadamu. Nosheen alisoma Bismillah kimoyomoyo akapanda juu na sinia ya vikombe.

Siku chache baadaye moshi ulishuka mchana ukawa mzito mno, shule zikafungwa na pikipiki zikapita na taa. Wanne walikuwa dukani, Nosheen yupo mlangoni akidai vikombe vyake, umeme ukakatika. Skrini zote zikafa. Feni za mashine zikanyamaza. Na katika ule ukimya, katika giza lile la saa sita mchana ambalo halikuwa usiku wala mchana, kibodi ya mashine ya tano ikaendelea kugonga, taratibu, kwa vidole vizito vya mtu anayejifunza, tak, tak, na hedfoni zilizotundikwa kwenye egemeo, zisizo na umeme wala waya ulioshika mahali, zikakwaruza, zikavuta pumzi, na sauti ikatoka ndani yake ndogo na ya wazi, sauti ya Wajahat yenye kile kikohozi chake cha kabla ya kusema, ikauliza kama mtu aulizaye wenzake foleni ya mkate:

"Inafunguliwa lini?"

Ndugu wa mikate walitoka bila viatu. Tipu aliyesemwa kuwa mlangoni hapenyi alipenya, akatokea upande wa pili wa barabara. Lakini Sarmad hakukimbia. Alikuwa amemlilia rafiki huyo mwaka mzima.

"Ijumaa ya wiki ijayo," alijibu, machozi yakimtoka.

"Nitangoja," sauti ikasema. "Kaa."

Na Sarmad akakaa.

Nosheen alimkamata ukosi wa sweta, akamburuta hadi nje, akateremsha geti la chuma na kutia kufuli. "Duka limefungwa! Umesikia? Kwisha! Gemu lako na lizame baharini!"

"Dada, alikuwa yeye."

"Yeye yuko kwa Mola wake. Hicho ni kitu kingine kimevaa koo lake."

Kesho yake mchana Khala Razia aligonga. Alikuwa amevaa shali ya sikukuu na uso unang'aa, na kumwona mwanamke yule akitabasamu kulimtisha Nosheen kuliko ile sauti.

"Mwanangu karudi!" alinong'ona. "Kanibishia hodi. Kaniambia, Mama, wenzangu wamenifungia, nasikia baridi. Nimemwambia ngoja nikatafute ufunguo wa mlango mkubwa. Kwa nini mmemfungia, Nosheen? Nimewakosea nini?"

"Khala, umemfungulia?"

"Ufunguo siuoni, nimetokea mlango wa uani. Nikiuona tu—"

Sarmad aliyasikia hayo toka ngazini. Alishuka kimya, akafungua kufuli, akainua geti, akaketi kwenye kiti cha nne. Jirani yake, mto wa kiti cha tano ulibonyea taratibu, na harufu ya halua ikajaa. Hodi nyumbani kwa Khala Razia haikusikika tena siku hiyo, na mama wa watu akarudi kwake akilia kwamba amemkosa mtoto kwa sababu ya ufunguo.

Nosheen alimfuata Sufi Inayat. Mji ule una waganga matapeli wa kujaza uwanja. Sufi Inayat hakuwa mmoja wao: alitengeneza baiskeli, hakudai kitu, na aliposhindwa alisema nimeshindwa. Alikuja na mikono yenye grisi, akanawa, akaingia. Alisoma muda mrefu. Nosheen na Sarmad walimwona akiinamisha sikio kwenye zile hedfoni, akitikisa kichwa kama anayepatana na mtu. Alipotoka alizungumza kwa sauti ya chini, duka amelipa mgongo.

"Nimemuuliza nani kakuleta. Kasema: wao."

"Mfukuze, Bwana Sufi," Nosheen alisema. "Nakuomba."

"Binti yangu, jini aliyevamia ni mwizi, na mwizi nina dawa yake. Huyu hakuvamia. Amekaribishwa kila siku, kwa kinywa, kwa kiti, kwa chai, kwa jina. Kwao na kwetu sheria ni moja. Mgeni hafukuzwi. Anaondoka haja yake ikiisha."

"Sisi tulimkaribisha Wajahat!" Sarmad alisema.

"Mlikaribisha kiti kitupu. Kiti kitupu ni cha atakayewahi."

"Basi nikichome hicho kiti," Nosheen alisema.

"Ukimchomea mgeni kiti atakaa wapi? Mapajani mwa mwenyeji." Sufi alimtazama Sarmad, akayashusha macho. "Haja yake ni hiyohiyo yenu. Anangoja gemu. Likifunguliwa acheze, ashibe, atakwenda zake. Mpaka siku hiyo asiachwe peke yake. Akiachwa atakwenda kwa mwenyeji mwingine anayelikaribisha jina hilo, na mnamjua ni nani."

"Nitakaa mimi," Nosheen alisema upesi. "Huyu mtoto apumzike."

"Jaribu, binti," alisema Sufi Inayat, kwa namna ya mtu ajuaye jibu.

Alijaribu. Aliketi pale alasiri moja, tasbihi mkononi, na kiti cha tano hakikubonyea, na mara akasikia ukutani, upande wa Khala Razia, hodi ya taratibu, na sauti ya mama huyo ikijibu kwa furaha: "Nakuja, baba, nakuja, ufunguo nimeuona!" Sarmad alishuka ngazi nne nne na kujitupa kitini. Hodi ikakatika. Mgeni alimtaka aliyemjibu.

Toka hapo Nosheen hakuwa na la kufanya ila kuleta chakula na kukirudisha. Sarmad hakusinzia ila kwa kope nusu. Mashavu yalimwingia, meno yakaonekana marefu, na alipougeuza uso kumtazama dadaye aligeuka polepole kama mzee. Kwenye skrini zote tano saa ya ufunguzi ilihesabu kurudi nyuma. Nosheen, ambaye siku zote aliyaita hayo upuuzi wa watoto wavivu, sasa aliikodolea macho saa ile kuliko kijana yeyote wa mtaani. Alikwenda sokoni akiiwaza. Aliswali akamwomba Mungu gemu la risasi lifunguliwe mapema.

Ijumaa ikafika. Mtaa mzima ulinyamaza. Kila aliyekuwa na simu aliinamia simu. Nosheen alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake, mikono mabegani mwake, na mabega yalikuwa mifupa. Saa ikashuka mpaka karibu na mwisho, na kila alama ilipobadilika mto wa kiti cha tano ulitikisika kidogo, kama mtoto anayengoja sahani, na yeye Nosheen akajikuta anahesabu kwa sauti pamoja nacho, akijua anahesabu na nani na asiweze kujizuia, maana mwisho wa hesabu ile ndipo alipowekwa Sarmad wake.

Saa ikasimama.

Skrini zikawa nyeusi, kisha maandishi meupe yakatokea kwenye zote tano. Kampuni ilisikitika. Kazi haijakamilika. Ufunguzi umeahirishwa, na tarehe mpya itatangazwa.

Toka barabarani vikasikika vilio na matusi ya vijana, kisha vicheko, kisha milango. Walikuwa wanakwenda kula.

"Itatangazwa lini?" Nosheen alinong'ona. "Sarmad, soma tena. Wamesema lini?"

"Hawajasema, dada."

Hedfoni zilikwaruza. Kikohozi kile kidogo kikasikika, bila hasira yoyote.

"Hakuna shida," sauti ilisema. "Mimi sina haraka. Kabla ya hapa nilikaa nikingoja mto wa maji uliohama urudi mahali pake. Mwenyeji wangu alikuwa kijana kama wewe."

Sarmad alilamba midomo iliyokauka. Hakugeuka kumtazama dadaye.

"Na yeye akawaje?"

"Alingoja," sauti ikasema.