Waliosukuma Chukudu Yetu

Jua lilikuwa linaingia, na sisi tulikwenda soko la Kadutu, hapa Bukavu, kutafuta rulemani tu. Rulemani! Si nyama, si kitenge. Bwana yangu Stanislas alikuwa na chukudu, ile ya mbao yenye magurudumu mawili, isiyo na pedali: goti moja linakaa juu, mguu mwingine unasukuma chini. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, kwa hiyo kwenye karatasi aliitwa Bulonza. Nyumbani mimi niliendelea na Stanislas wangu, nani angekuja kunisikiliza kitandani? Miaka ile ya Zaïre mafuta ya magari yalikuwa yanapotea ovyo, na mwenye chukudu alihesabiwa mtu.

Lakini yetu ilikuwa ya mjini. Magurudumu madogo ya mti wa kalitusi, rulemani za pikipiki. Ya kubeba maji na kreti za bia, kutoka hapa mpaka pale. Stanislas alitaka njia ndefu: kwenda Katana, kulala, kurudi na makala, makaa ya kupikia. Alinitesa na habari hiyo hata usiku.

"Marcelline, gurudumu ndogo inaingia mu kila shimo. Kubwa inapita juu. Na mpira utoke ku tairi ya kamyo, ikuwe mupana."

"Fungia tairi ku kichwa yako," nikamwambia, "lakini uniache nilale."

Alikuwa na haki, hata hivyo. Mbao zinaweza kuwa ngumu, mpira unaweza kuwa mpya, lakini rulemani, kile chuma cha katikati chenye gololi ndani, ikibana, njia ndefu itakuua. Ndiyo sababu tulikuwa kwa Papa Évariste, fundi aliyeuza mifupa ya magari.

Alitutolea rulemani mbili kubwa, za kamyo, yaani lori, zimefungwa ndani ya kitambaa cheusi. Stanislas alitia kidole katikati ya moja, akaizungusha. Haikutoa sauti. Tukaulizana habari za watoto, tukakubaliana bei, gunia moja la makala, Papa Évariste akapokea salamu za wapita njia... na rulemani bado ilikuwa inazunguka.

"Hizi haziombi mafuta," akasema. Hakututazama usoni.

"Ulizitoa ku gari gani?" nikauliza.

"Gari ni gari, maman."

Nikainama nikanusa. Vyuma vyote vya soko vinanuka mafuta. Hizi zilinuka kama mahali wanapochinjia ng'ombe. Nikamvuta bwana yangu shati. Akanicheka: "Weye unanusa hata maji!"

Sasa nikwambie desturi ya watu wa chukudu, maana ndiyo ilitaka kutumaliza. Ukipanda kilima na mzigo, mpita njia yeyote anaweza kuja kusukuma nyuma. Humuoni, magunia yamekuziba. Akikusukuma mpaka juu, ana haki ya kupanda na kuteremka nawe. Humlipishi, na humuulizi ni nani. Ukimkatalia, watu wa njia watajua, na siku nyingine utakufa na mzigo wako peke yako.

Basi. Magurudumu mapya yakachongwa, tukaenda Katana. Chukudu iliteleza mpaka Stanislas akaimba njia nzima, sauti yake mbaya ile. Siku ya pili tukarudi na makala, na jua likianza kushuka tulikuwa chini ya kilima ambacho watu wa chukudu walikiita Uage Mama, kwa ajili ya muteremko wake wa upande wa pili. Stanislas alikuwa mbele anavuta pembe za usukani. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma, kamba ya kuzuia mzigo nimeizungusha mkononi, panga la kuni kiunoni.

Katikati ya kilima, mzigo ukawa mwepesi.

"Aksanti, bandugu!" Stanislas akapiga kelele kutoka mbele. "Aksanti sana!"

Ndugu gani? Nilikuwa peke yangu.

Nikatazama mikono yangu juu ya gunia. Kando ya mkono wangu wa kuume kulikuwa na mkono mwingine, wa mwanamke, wenye bangili. Kucha zote zimeng'oka. Kando yake mwingine, wa mwanaume, vidole vimevunjika vinatazama nyuma. Halafu mwingine. Na mwingine... Mtu akisukuma kilimani anahema, hata awe na nguvu namna gani. Hawa hawakuhema. Na ile harufu ya machinjio ikanijaa puani.

"Stani..." Sauti ilinitoka kidogo. "Simamisha. Tusifike juu."

"Unasema?"

"Tusifike juu, nakuomba!"

Tulikuwa tumekwisha kufika. Naye, mutu wa watu yule, akapanda akakaa juu ya mzigo na kuita bila kugeuka: "Pandeni! Mumenisaidia, pandeni tushuke!"

Wakapanda.

Mbao zililia. Miili sikuiona, niliona miguu tu, inaning'inia pande zote za magunia, damu imeikaukia. Mmoja haukuwa na unyayo. Chukudu ikaondoka. Breki yake ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa kisigino. Stanislas alikanyaga, moshi ukatoka, mpira ukanuka kuungua. Kisha ule mkono wa vidole vilivyovunjika ukateremka polepole, ukakamata kisigino chake... ukakiinua.

"Marcelline! Banashika mguu yangu!"

Kamba ilinivuta nikaanguka kwa tumbo. Mawe yakanichana kifua na magoti. Teke likanipata mdomoni, nikatema jino. Mwingine akanishika nywele na kunigonga kichwa kwenye ubao. Pa! Pa! Nilitafuta Baba Yetu, ikakataa kuja, basi nikawatukana wao na mama zao wote. Chini kulikuwa na kona, na ng'ambo ya kona hakuna kitu, bonde tu. Ningeachia kamba, ningepona. Lakini niwape bwana yangu? Mutu ambaye jana alinimenyea ndizi? Hapana, siwapi!

Nikachomoa panga. Nikaikata ile miguu, ikakatika, haikutoka damu, na hakuna aliyelia. Chukudu ilizidi kukimbia. Kona ikafika. Nikalisukuma panga, pamoja na mkono wangu, kati ya gurudumu la nyuma na ubao.

Kraa!

Vidole viwili vya mkono huu vilibaki pale. Chukudu ilipinduka, Stanislas akarushwa, akaangukia mguu wake, na mfupa wa muundi ukatoka nje ya ngozi, mweupe. Makala yakamwagika mpaka ukingoni. Halafu kimya. Gari la misioni lililopita baadaye ndilo lilituokota na kuturudisha Katana, hospitalini.

Nilipoweza kutembea nilishuka Kadutu kwa Papa Évariste. Sikumsalimu. Nilichukua ufunguo wa tairi mezani pake nikampiga nao mdomoni. Hakuita watu. Alikaa chini, damu inamtoka kati ya vidole, akasema kwa sauti ya chini:

"Moteri ya ile kamyo ilikuwa bila nguvu. Batu balishuka, bakasukuma mpaka juu ya Uage Mama. Bakapanda tena. Breki ikakatika. Hakuna mwenye alifika Bukavu." Akatema. "Mutu anakufa, maman. Chuma haikufe. Mimi nafanya kazi na chuma."

Nikampiga tena.

Nilirudi Katana nikamweleza Stanislas yote. Hakushtuka. Aligeukia ukuta.

"Wakati tulianguka," akanong'ona, "bote balishuka. Mumoja hakushuka. Ile maman wa bangili. Aliniuliza ku sikio tunaikala wapi."

"Na weye ulijibu nini?"



"Alikuwa amenisukuma, Marcelline. Nilimwambia Kadutu."

Bwana yangu anaishi. Anachechemea, anagombana na mimi, namshukuru Mungu kila asubuhi. Mimi bado nauza makala. Jioni napanda ngazi za Kadutu na gunia mgongoni, na siku zingine, katikati ya ngazi, gunia linakuwa jepesi. Hapo nakaa chini, hata kwenye matope. Vijana wananihurumia, wanasema maman amechoka. Sikuchoka. Nangoja anayesukuma aachie, gunia lirudi kuwa zito, ndipo niende nyumbani.