Viatu vya Mutai

Yaliyompata Mutai aliyataka mwenyewe. Nilikuwa nauguza wazee naye huko ughaibuni, Fairfax, na sijaona mtu mwenye majivuno kama yule. Mwaka 2006 alimsindikiza India mgonjwa wake, mzee Muhindi aliyezaliwa Kisumu, na siku moja wakaenda mji mdogo kuzuru mahekalu ya kale.

Mlangoni mwa hekalu la mwisho kila mtu alivua viatu. Mutai akakataa. Vilikuwa vipya, vya ngozi, na alitaka vionekane kwenye picha!

"Vua, bwana," mzee akamsihi. "Hapa kila mtu anavua."

"Mimi ni mtu wa kanisa, mzee. Siwezi kuvulia mawe viatu."

Akaingia navyo, ko, ko, ko, mpaka ndani kabisa gizani. Aliposimama, mlio haukusimama. Ulimpita, ukaendelea mbele yake hatua tatu.

Aliporudi kazini alitusimulia akicheka, eti mwangwi. Lakini baada ya wiki mbili hakucheka tena. Alisema kila akirudi kwake Oxon Hill kutoka kazini, anavikuta viatu vile nje ya mlango, ilhali amevifungia kabatini. Nikajua ni uongo wake mwingine.

Asubuhi moja ya Januari, baada ya kukesha naye kazini, nilimrudisha kwa gari langu, nikimdhihaki njia nzima. Tukavikuta mlangoni, vimepangwa vizuri, barafu imetanda kote. Nikatia mkono ndani ya kimoja ili nikiokote.

Kilikuwa na joto, na kimelowa jasho.