Gari Lililoshindwa na Mlima

Siku ya Alhamisi gari la Chirau lilishindwa na mlima wa Kwale.

Halikuzimika. Lilipanda, lakini lilipanda kama punda aliyetwishwa mizigo ya wenzake. Chirau alitoka gia ya tatu akaingia ya pili, akatoka ya pili akaingia ya kwanza, na bado injini ilikuwa ikilia kule nyuma kama mtu anayevuta pumzi kwa taabu. Ndani mlikuwa na watu watatu tu: Chirau mwenyewe, mkewe Mwanapili, na binti yao Mbeyu wa miaka minne, aliyekaa peke yake kiti cha nyuma kabisa. Jumapili iliyopita gari hilo hilo lilipanda mlima huo huo na watu wanane wa harusi, na sanduku la bibi harusi juu yake, bila kutoka gia ya tatu.

"Petroli chafu," alisema Chirau.

Mwanapili aligeuza uso, akanusa. Alikuwa mtu wa kusema kidogo, na siku ile pua yake ilikuwa na kazi. Alisikia harufu ya asumini iliyolala ndani ya maji siku nyingi mpaka ikaoza, na nywelani mwake hamkuwa na asumini.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na saba. Gari lenyewe Chirau alilinunua kwa mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku ile hakuwa na mazungumzo mengine. Mtu akimsalimu msibani humwambia habari za gari. Injini iko nyuma, si mbele. Hainywi maji, inapozwa kwa upepo tu. Kiti cha kati kinang'oka, ukitaka kupakia kitanda pakia. Mlango wa ubavuni unafunguka mara mbili, hata mama mnene anaingia bila kuinama. Galoni moja ya petroli ni maili ishirini na tano, na mwendo ni wa kulala usingizi.

Ni mdomo huo uliomponza. Jumapili ile, wakitoka kuwashusha watu wa harusi, saa sita za mchana, alisimamisha gari karibu na pango la Mwamleka, pale ambapo watu huweka halua na marashi na kufunga vitambaa vyeupe. Mahali pale watu wa Mwabungo, kijiji cha akina Chirau, hupita kimya, na mtu akitaka kumwita mwenziwe humwita kwa jina, tena kwa sauti ndogo. Wanawake wawili walikuwa wakipita na kuni. Chirau akafungua mlango wa ubavuni, akawaita wapande. Wale wanawake wakaongeza mwendo bila kugeuka.

"Ushamba huo," alisema Chirau akicheka. Kisha akaigeukia njia tupu, akapiga bati la gari kwa kiganja. "Nafasi ipo. Anayetaka kupanda na apande, mimi sichagui mtu."

"Baba Mbeyu," alisema Mwanapili polepole, "hapa hapasemwi hivyo."

"Kwani yuko nani?"

Akafunga mlango. Ulipokataa kufungika, akausukuma kwa bega.

Baada ya Alhamisi ile ya mlima, Chirau alilipeleka gari Ukunda kwa fundi Kombe. Kombe akafungua plagi, akazifuta, akazirudisha. Akapuliza kabureta. Akalala chini ya gari muda mrefu, na alipotoka hakumtazama Chirau usoni.

"Injini nzima," alisema. "Gari lako limejaa tu."

"Limejaa nini, nalo tupu?"

Kombe alimwonyesha springi za nyuma zilivyolala, na magurudumu yalivyobonyea mchangani. "Mimi ni fundi wa magari, bwana Chirau. Hilo jingine si langu." Hakutaka malipo. Alinawa mikono yake kwa mchanga, kisha kwa maji, kisha kwa mchanga tena.

Chirau alirudi nyumbani na hasira ya petroli. "Maili ishirini na tano zimekuwa kumi na nne," alimwambia mama yake, Bi Esha, aliyekuwa akikaa nao. "Kumi na nne, mama."

"Jicho hilo," alisema Bi Esha. "Ulimwonyesha kila mtu."

Siku ile Mwanapili alimpakata Mbeyu ili amnyoe, akashtuka. Mtoto hakuwa amekonda. Mashavu yalikuwapo, mikono ilikuwa na mikunjo yake ya unene kama kawaida. Uzito ndio uliokuwa haupo. Ilikuwa kama kupakata kikapu. Asubuhi yake alimchukua mpaka kwa mnunuzi wa korosho, akamwomba amkalishe mtoto juu ya mizani. Siku ya Idi mizani ile ile ilisema ratili thelathini na moja. Sasa ilisema ishirini na mbili. Mnunuzi akaipiga mizani kwa ngumi, akampima tena, ikasema ishirini na mbili.

Njiani kurudi Mwanapili alimshusha mtoto atembee, akatazama mchanga. Nyayo zake mwenyewe zilikuwa zimezama. Za Mbeyu zilikuwa kama za ndege.

Adhuhuri moja, nyumba nzima ikiwa imejilaza kwa joto, Mwanapili alimtafuta Mbeyu asimwone, akamkuta ndani ya gari lililoegeshwa chini ya mkorosho. Alikuwa kiti cha nyuma, amejibana dirishani, mabega ameyakunja, na sehemu yote iliyobaki ya kiti ilikuwa wazi.

"Mbona umejibana hivyo, mama?"

"Nimempa nafasi."

"Umempa nani?"

"Huyu aliyepanda." Mbeyu alinyanyua mkono akagusa dari ya gari. "Magoti yake yanafika hapa. Anasema nimkalie mapajani, hapana joto."

Mwanapili aliinama aingie, na harufu ya ile asumini iliyooza ikamjia puani na kooni mpaka machozi yakamtoka, na pale kitini pasipokuwa na mtu akaona ngozi ya kiti imebonyea mashimo mawili makubwa, kama yanayoachwa na mtu mzito aliyekaa tangu asubuhi, na alipotaja jina la Mungu na kunyoosha mkono amvute mwanawe akaona lile shimo la karibu na mtoto linaanza kuinuka taratibu, linajaa, linakuwa laini, na papo hapo ngozi iliyo chini ya mapaja ya Mbeyu ikazama, ikazama zaidi, ikazama kuliko uzito wa mtoto yeyote, na Mbeyu akacheka kidogo kama aliyekumbatiwa. Mwanapili alimvuta kwa mikono yote miwili. Akatoka naye kama jani.

Hakumngoja mume. Alimtia mtoto mgongoni akaenda Bongwe, nyumbani kwao, kumtafuta Mbodze, mama mmoja mganga aliyekuwa jirani wa wazazi wake. Mbodze alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha, na aliondoka na sufuria yake kichwani kwa sababu mihogo haikuwa imekwisha. Walipofika Mwabungo alilizunguka gari mara moja, akaweka sikio kwenye bati, akaondoa sikio upesi.

"Nani aliyemkaribisha?" aliuliza.

Chirau alilitazama gari. Mwanapili, mbele ya mama mkwe wake, hangeweza kumtaja. Mbodze akaketi juu ya kigoda, akangoja, mpaka Chirau mwenyewe akasimulia.

"Basi hili si la dawa," alisema Mbodze. "Huyu hakuvamia. Aliitwa, tena kwa heshima, akapewa kiti. Ukimchomea ubani atauona ni ukarimu. Utampeleka wewe uliyemwita, saa ile ile, mpaka pale pale. Utafungua mlango wa ubavuni, utamwambia mmefika. Kisha utaliacha gari na ufunguo wake, urudi kwa miguu, usigeuke. Na usilifuate tena."

"Gari lenyewe?" aliuliza Chirau.

"Amelipenda. Usipompa hilo anamaliza hiki." Alimwonyesha Mbeyu kwa kidevu.

Bi Esha akasema, bila ubaya wowote katika sauti yake, kama mtu anayesaidia kupanga kazi, "Watoto huzaliwa kila mwaka. Gari la pili atalipata wapi?"

Chirau alitazama chini. Hakumkanya mama yake. Mwanapili aliliona hilo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alisema mbele ya mkwewe bila kuulizwa.

"Leo asubuhi alikuwa ratili kumi na tisa," alisema. "Ukikataa, baba Mbeyu, nitawaambia watu wa msikitini wewe na mama yako mlisema nini hapa."

Chirau alilipeleka gari siku ya pili yake. Alirudi kwa miguu alasiri, vumbi mpaka magotini, akajifungia chumbani. Mbeyu siku hiyo alikula wali sahani mbili. Alfajiri Mwanapili alipomnyanyua, mgongo ulimuuma, akakaa kitako akalia kwa furaha. Nyayo za mtoto zilikuwa zimerudi mchangani, kila kidole mahali pake.

Siku saba zilipita hivyo. Chirau alikuwa hali chakula vizuri. Jioni alikaa nje akitazama alama za tairi mchangani chini ya mkorosho, na mtu asingeweza kuzifagia mbele yake.

Siku ya nane, saa nane za mchana, honi ililia uani.

Gari lilikuwa limeoshwa. Chirau alishuka, amevaa kanzu safi, akicheka. Bi Esha alitoka mbio akaligusa bati kama mtu anayepapasa uso wa mwanawe aliyerudi safarini. Mwanapili alimshika Mbeyu kwanza, akamnyanyua. Mzito. Akamshusha, akamnyanyua tena. Mzito vile vile.

"Umelifuata," alimwambia mumewe.

"Tumezungumza, mimi na yeye. Si mtu mbaya. Mtoto hatamgusa tena, na leo hii atashuka aniachie gari langu."

"Umempa nini?"

"Sikumpa mtu unayemjua."

"Baba Mbeyu. Umempa nani?"

"Hata mimi simjui," alisema Chirau, akifuta kioo kwa kitambaa. "Hajapata hata jina."

Mkono wa Mwanapili ulikwenda wenyewe tumboni. Mimba ilikuwa ya mwezi wa pili. Hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake mzazi. Alikuwa angali akingoja awe na hakika.

"Nani aliyekwambia?" aliuliza.

"Yeye," alisema Chirau. "Wewe, mke wangu, hukuniambia."

Hakubishana naye. Alimfunga Mbeyu mgongoni, akashika njia ya Bongwe kwa miguu. Alikuwa na wazo moja tu, kwamba akiingia kwa Mbodze, hicho kitu kitabaki njiani. Alitembea upesi, na kabla ya kufika mbali alisikia injini nyuma yake. Gari halikumpita. Lilimfuata kwa gia ya kwanza hatua kumi nyuma, njia yote, akisimama linasimama, akiondoka linaondoka, na ndani alikuwamo Chirau peke yake, lakini injini ililia kama siku ile ya mlima na springi zilikwaruzana kama meno, na jua lilikuwa kali, na wapita njia walimsalimu Chirau wakamwambia mkewe ana bahati kupata mume asiyemwacha hata akitembea, na Mwanapili akatia mbio, mtoto akirukaruka mgongoni, mpaka akaona moshi wa jiko la Mbodze juu ya makuti.

Nyuma yake mlango wa ubavuni ulifunguka, ukajigonga kwenye bati.

Mlio wa injini ukabadilika. Ukawa mwepesi, mzuri, kama cherehani mpya.

"Umesikia, mama Mbeyu?" aliita Chirau kwa furaha. "Limepona."

Aliligeuza gari akaondoka, gia ya pili, gia ya tatu, kwa mwendo wa kulala usingizi. Zilibaki hatua ishirini tu kufika mlangoni kwa Mbodze. Mwanapili alinyanyua mguu, akaona haunyanyuki. Alitazama chini. Unyayo wake ulikuwa umezama mchangani mpaka kwenye kifundo, na ulikuwa bado unazama.