Kadi Iliyokwenda Ikulu

Siku ile mjinga alikuwa Kija. Mwenyewe analikubali hilo bila kulazimishwa, na hucheka kabla hujamcheka. "Nilikuwa mjinga," husema, "halafu juu ya ujinga nikaweka ubishi."

Kija ni fundi wa mageti pale Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Mkewe, Suzana, anashona sare za shule barazani. Grenda ya Kija inalia huku, cherehani ya Suzana inajibu kule, na ndivyo asubuhi yao inavyoanza. Yaani inaanza hivyo kama maji yapo. Yasipokuwepo, Suzana anaacha kitambaa mezani na kushika ndoo. Na mara nyingi hayapo. Ukipanda kwenye mawe nyuma ya nyumba yao unaliona Ziwa Victoria linang'aa hadi macho yanauma.

"Ziwa sisi tunaliona," Suzana husema. "Bomba letu ndilo halijawahi kuliona."

Kwa hiyo mwaka ule wa uchaguzi mkuu, Suzana alikuwa na shauri lake. Uchaguzi wa nyuma hakupiga kura, kwa sababu hakujiandikisha. Safari hii alijiandikisha mapema. Alipewa kadi ya mpiga kura yenye picha yake, akaitia kwenye kopo la nyuzi. Kila mgombea aliyepita mtaani alimwuliza swali lilelile: maji yatatoka lini? Aliwasikiliza wote. Atamchagua nani, hakumwambia mtu, hata Kija.

Ndipo ikaja habari ya Dorcas.

Dorcas ni mjukuu wa mtemi wa mwisho wa upande ule wa Kisesa. Watemi ndio waliotawala Wasukuma zamani. Utawala wao uliondolewa baada ya uhuru, lakini heshima yao haikuondolewa na mtu. Dorcas alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa maneno machache. Ukoo wake ulikuwa ukisema miaka yote kwamba haugusi siasa. Halafu asubuhi moja redio ikatangaza kwamba Dorcas anagombea ubunge, na chama kimeshampitisha. Igoma nzima ikashika mdomo. Wajomba zake wenyewe walisikia redioni kama watu wengine.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Alexander, kaka mkubwa wa Kija. Babu yao alikuwa mpiga ngoma wa mtemi. Basi Alexander akajipa kazi ambayo hakuna aliyempa. Akavaa koti, akaja karakana kwa Kija.

"Kija, zamani mavuno yakiwa tayari, kila mwenye nyumba alipeleka kapu la mtama ikulu. Si kweli?"

"Kweli, kaka."

"Sasa mtama wa siku hizi ni kura. Mwenye nyumba anapeleka ikulu kadi za nyumba yake. Zinakaa pamoja. Siku ya kupiga kura tunazichukua, tunakwenda wote kwa ngoma."

Kwa Wasukuma, ikulu ni makao ya mtemi. Neno hilo walikuwa nalo kabla nchi haijawa na rais. Lakini Kija alipolisikia, ikulu mbili zilishikana kichwani mwake, ya mtemi na ya rais, na neno likawa na uzito mara mbili. Hakuuliza lolote. Aliingia ndani, akafungua kopo la nyuzi, akatoka na kadi mbili, yake na ya mkewe.

"Nyumba yangu yote ni ya mtemi," akasema, akamkabidhi kaka yake. Akajiona amerefuka kidogo.

Alirefuka mpaka jioni. Jioni Suzana alitafuta uzi wa bluu, akaupata. Kadi hakuipata.

"Baba Revocatus, kadi yangu iko wapi?" akamwuliza Kija.

"Iko salama. Iko ikulu."

Suzana aliacha kukanyaga cherehani. "Ikulu ya Dodoma?"

"Ikulu ya mtemi."

"Imefuata nini huko?"

"Nimeipeleka. Mimi si ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye. Na picha iliyo kwenye kadi ni ya nani?"

Kija aliitazama grenda yake, ikawa haina msaada. "Huu ni utaratibu," akasema.

"Utaratibu wa nani?"

"Wa ikulu."

"Ipi?"

Badala ya kujibu, Kija akaongeza sauti. Sauti ikavuka ua na kufika kwa jirani yao Moza, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Farouk. Moza anauza viungo sokoni. Uchaguzi uliopita alikuwa karani katika kituo cha kupigia kura, akafundishwa kazi ile mpaka akaijua yote. Alikuja na bakuli la bizari mkononi.

"Shikamoo, Mama Farouk," Kija akasema haraka. Alidhani salamu itamwokoa.

"Marahaba. Endelea kugomba, nimekuja kusikia vizuri."

Suzana akamweleza. Moza akaweka bakuli chini.

"Kija mwanangu, umetoa kadi ya mke wako?"

"Tumekubaliana kwenye ukoo, kula zote ziende pamoja."

"Kula mtakula pamoja, sufuria ni moja. Kura kila mtu na yake."

"Mama Farouk, wewe ni mtu wa mjini. Hujui mtemi ni nani. Mtemi ndiye anayekata mashauri. Neno lenyewe ndiyo maana yake. Kwa Kisukuma kutema ni kukata."

"Na kwa Kiswahili ni kutema mate. Haya, mashauri akate. Kadi ya Suzana aiteme."

Suzana alitaka kucheka, lakini hasira ilikuwa bado imekaa mlangoni.

"Nisikilize," Moza akasema. "Kadi ni ya mtu aliye kwenye picha. Haikusanywi na chama, wala ukoo, wala mume. Kushikilia kadi ya mtu mwingine ni kosa kisheria. Siku ya kura karani atamtaka Suzana na kadi ya Suzana. Hatamwuliza ni mke wa nani."

"Lakini mimi ndiye kichwa cha nyumba."

"Sawa, kichwa. Kichwa kina kura moja. Na mke ana kura moja. Na mtemi mwenyewe angefufuka leo, angepanga foleni na kura yake moja."

Kija alinuna. Akaona atoe lile alilokuwa akijivunia. "Basi ya kwangu nitampa kwa heshima zote. Nitaandika kwenye karatasi: Ndiyo, Mtemi. Ni mimi Kija, mjukuu wa mpiga ngoma."

Moza alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Uandike jina lako?"

"Ajue ni mimi."

"Ukiandika jina, kura imeharibika. Inawekwa kando, haihesabiwi. Yaani mtu anayempenda Dorcas kuliko wote ndiye atakayemnyima kura."

"Sasa niandike nini?"

"Usiandike neno. Utapewa karatasi tatu. Moja ya rais, moja ya mbunge, moja ya diwani. Unaingia kwenye kituturi peke yako."

"Kituturi ni nini?" Suzana akauliza.

"Ni kile kijumba cha kujisitiri, mtu asione unamchagua nani. Humo unaweka alama ya vema kwa mgombea mmoja katika kila karatasi. Unakunja. Unatumbukiza kila karatasi kwenye sanduku lake. Basi."

"Vema?" Kija alikataa kabisa. "Mjukuu wa mtemi nimwekee vema, kama mwalimu anayesahihisha hesabu?"

"Vema, Kija."

"Hata kangoma kadogo nisichore?"

"Ukichora ngoma utaicheza mwenyewe."

Suzana alisimama. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Kija kuliko kelele. "Uchaguzi uliopita nilikosa kura kwa uzembe wangu," akasema. "Huu nikiukosa, nitakuwa nimeukosa kwa uzembe wako. Nitakaa miaka mitano nabeba ndoo huku nakutazama. Uko tayari kutazamwa?"

Kija aliifikiria hiyo miaka mitano. "Kesho asubuhi twende tukaichukue," akasema.

Walikwenda watatu kwa bajaji. Moza alifuata kwa sababu hakuuamini mdomo wa Kija. Ikulu ya zamani ilikuwa nyumba ya duara iliyoezekwa upya, na kando yake nyumba ya bati ambamo wajomba wanaishi. Alexander alikuwa ameketi mlangoni. Mbele yake palikuwa na kapu kubwa la mtama, na ndani ya kapu hamkuwa na mtama. Zilijaa kadi.

"Kaka, tumefuata kadi zetu," Kija akasema.

"Kilichoingia ikulu hakitoki."

"Shemeji, toa kadi yangu," Suzana akasema.

"Mimi nazungumza na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba amekuja. Na mwenye kadi amekuja. Kapu lako linamtaka nani?"

Wakati wanavutana, gari lililojaa vumbi likasimama uani. Alishuka mama mmoja mwenye viatu vya matope na sauti iliyokauka kwa mikutano. Alikuwa Dorcas. Kija alipomwona, magoti yake yalikunjika yenyewe. Akachuchumaa akipiga makofi polepole, kama babu yake alivyofanya mbele ya mtemi.

"Inuka, kaka," Dorcas akasema. "Siku hizi mwombaji ni mimi. Na hilo kapu ni la nini?"

Alexander akatabasamu. "Ni mavuno yako, Mtemi. Watu wamekuletea kura zao."

Dorcas alichungulia ndani. Alikuwa mtu aliyezoea ng'ombe wakaidi, lakini siku ile alichoka waziwazi.

"Alexander, mimi nilikutuma?"

"Sikuhitaji kutumwa, Mtemi. Ni mila."

"Babu yangu aliletewa mtama akiwa anatawala. Mimi sitawali mtu. Naomba kazi. Sasa wewe umenitafutia kura au umenitafutia kesi?"

Alexander alianza kueleza habari za babu na ngoma. Dorcas hakumsikiliza. Aliwaita wajomba, akaagiza kila kadi irudi mkononi mwa mwenyewe siku ileile. Isirudi kwa mume, wala kwa kaka. Irudi kwa mwenyewe. Kisha akatoa kadi ya Suzana, akaitazama picha, akautazama uso, akampa.

Suzana hakuondoka. "Asante. Na maji ya Igoma yatatoka lini?"

Kija alifumba macho kwa aibu. Dorcas hakukasirika.

"Siwezi kukutajia siku," akasema. "Nikikutajia nitakuwa nadanganya. Bomba linalopanda huko ni jembamba, na watu wameongezeka. Nikichaguliwa, hilo nitalidai kwanza."

"Nimesikia," Suzana akasema. Kija alimchunguza njia nzima kurudi, aone kama amependa jibu lile au hakulipenda. Hakuona kitu.

Siku ya uchaguzi Kija na Suzana walipanga foleni, kila mmoja na kadi yake. Kija aliingia kwenye kituturi. Kalamu ilimwasha mkono. Jina la babu lilimjia, na ngoma ikamjia. Lakini akamkumbuka Moza alivyojishika kichwa. Akaweka vema, akakunja, akatumbukiza. Alitoka amenyooka, na safari hii hakuna aliyemwambia kwamba amejidanganya. Suzana naye aliingia, akatoka, akarudi kwenye cherehani yake na wino kwenye kidole.

Dorcas hakushinda. Alikosa kwa kura zisizo nyingi, akampongeza mwenzake hadharani, akarudi kwa ng'ombe wake. Mbunge aliyeshinda hakupata muda wa kupumzika. Wanawake wa Igoma walimfuata kwa swali lilelile, na Suzana alikuwa mbele. Mafundi wameshaanza kuchimba mtaro wa bomba nene. Maji hayajafika barazani, lakini mtaro unaonekana, na Suzana anaukagua kila asubuhi kama mwenye kampuni. Kija naye akiulizwa nyumba yake inamuunga mkono nani, anajibu: "Mimi najua yangu. Ya mwenzangu kamwulize mwenyewe."

Ndilo jibu alilompa Alexander pia. Alexander alikuja siku chache baada ya matokeo, koti lilelile, hasira mpya. Alisimama barazani mbele ya cherehani, Moza akiwa amekuja kufuata sare ya mjukuu.

"Kura za ukoo zimepotea," akasema. "Mtu mmojammoja atanieleza. Kija, nyumba hii ilimpigia nani?"

"Nyumba haipigi kura, kaka. Mimi najua yangu. Ya mwenzangu kamwulize mwenyewe."

"Umeanza kuogopa mke?"

"Nimeanza kujua kuhesabu. Watu wawili, kura mbili."

Moza akakohoa kwa furaha. Alexander akamgeukia Suzana. "Haya, shemeji. Mimi ni mkubwa wa ukoo huu. Nina haki ya kujua. Kura yako ilikwenda wapi?"

Suzana alikata uzi kwa meno. Akaikunja sare, akampa Moza, ndipo akainua macho.

"Ilikwenda ikulu, shemeji. Ikulu yangu ni kituturi, na mle ndani mtemi ni mimi."